Kidole Chenye Mawese

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karima aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaifuta pikipiki ya baba yake vumbi au matope, kulingana na jinsi mvua ilivyoamka. Huko Kabondo, mtaa mmoja wa mji wa Kisangani, mvua haimuulizi mtu ratiba yake. Inanyesha inapotaka, na kila kitu cha chuma kinashika kutu: bawaba za milango, misumari ya mabati, hata kijiko kikisahauliwa nje siku mbili. Kwa hiyo Karima, msichana wa miaka kumi na miwili, aliijua pikipiki ile skrubu kwa skrubu. Kama angefanyiwa mtihani juu yake, angepata alama nzuri kuliko zile za hesabu, ambazo ni afadhali tusizitaje.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa, nayo ni kumkumbuka mama yake. Mama Nuru alikuwa mkunga. Miezi mitano iliyopita alihamishiwa kituo cha afya kilicho mbali, ng'ambo ya Banalia, ambako simu hushika siku moja na kukataa siku tatu. Tangu hapo Karima alikula, alisoma na kucheka kama watoto wengine, lakini jioni ikifika alitazama njia bila sababu. Usiku alijifunika kitenge cha mama. Mwanzoni kitenge kilinukia mama. Sasa kilinukia Karima mwenyewe, na siku alipoligundua hilo alilia mpaka akalala.

Ijumaa moja, baba yake, Papa Yusufu, alirudi kutoka karakana yake ya useremala akiwa ameshika simu juu juu kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Karima! Kuya mbio! Iko mama yako!"

Sauti ya Mama Nuru ilikuja ikikatika. "Mutoto yangu, unanisikia? Tuko natembea kwa kikundi, équipe ya chanjo. Kesho, Samedi, tutalala Bengamisa. Kesho yake, Dimanche, saa moja na nusu asubui motokari inatoka, tunarudia Banalia. Mukifika mbele ya ile saa, mutanikuta."

"Na kama tukichelewa, Mama?"

"Alors, mpaka mwezi wa kumi na mbili," Mama akajibu polepole. "Congé yangu ya kazi iko pale."

Papa Yusufu alipiga hesabu ya njia palepale. Bengamisa si mbali kwa ndege, lakini kwa pikipiki, katika njia ile yenye mashimo, ni mwendo wa saa mbili. Wangeondoka Jumapili saa kumi alfajiri, wafike saa kumi na mbili, wapate saa moja na nusu pamoja na Mama. Saa moja na nusu! Karima aliyasema maneno hayo kimoyomoyo mpaka yakawa wimbo.

Tatizo lilikuwa moja. Balbu ya taa ya mbele ilikuwa imeungua tangu wiki tatu zilizopita, na Papa, ambaye hakuwa na safari za usiku, aliiacha hivyo hivyo. Saa kumi alfajiri katika msitu ni giza totoro. Jumamosi asubuhi alipitia kwa fundi Arsène, anayetengeneza pikipiki kando ya njia kuu, akapata balbu moja ya aina ile, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Akaileta nyumbani ndani ya kisanduku chake cha karatasi ngumu, akaiweka juu ya kabati.

"Nitaiweka miye mwenyewe nikitoka kazini," akasema. "Na sikia muzuri, Karima. Kioo ya ampoule haigusiwake na mukono. Mukono ya mutu iko na mafuta. Ile mafuta inabakia ku kioo, taa ikipata moto, kioo inaharibika. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Kusikia alisikia. Lakini saa nane ilipita, saa tisa ikapita, Papa hajarudi. Mteja alikuwa anangojea kitanda cha harusi, na kitanda cha harusi hakiwezi kupelekwa na miguu mitatu. Karima alianza kuogopa. Je, Papa akirudi amechoka na kusema wataangalia kesho? Mara mbili tayari safari ya kwenda kumwona Mama ilikuwa imeahirishwa, mara moja kwa sababu ya mvua, mara moja kwa sababu ya homa. "Mvumilivu hula mbivu," watu wazima walimwambia kila mara, na yeye alikuwa ameshachoka na mbivu hizo ambazo haziivi.

Akakishusha kisanduku.

Rafiki yake Benie, wa nyumba ya pili, alimkuta amepiga magoti mbele ya pikipiki na bisibisi ya Papa mkononi.

"Unafanya nini, weye?"

"Nabadirisha ampoule. Iko kazi ya dakika tano."

Dakika tano! Skrubu ya kwanza peke yake ilikula dakika kumi. Taa ile ilishikiliwa na skrubu mbili, kulia na kushoto, na zote zilikuwa nyekundu kwa kutu. Karima alisukuma, akakaza meno, akatukana kidogo kwa sauti ya chini. Skrubu haikutikisika. Ndipo akakumbuka alivyofanya Papa kila msumari wenye kutu unapomgomea: hutia tone la mawese. Akakimbia jikoni, akaleta chupa, akadondosha mafuta yale mekundu juu ya skrubu zote mbili, akayasugua kwa kidole yaingie. Akangoja kidogo. Ya kwanza ikalegea. Ya pili kichwa chake kilikuwa kimelika, bisibisi ikazunguka patupu, mpaka Benie alipoleta kipande cha mpira wa baiskeli, wakakiweka katikati ya bisibisi na skrubu, ndipo bisibisi ikashika.

Taa ilitoka, ikaning'inia kwa nyaya zake. Nyuma yake kulikuwa na soketi iliyokataa kuchomoka, na Karima alipoivuta kwa nguvu zote ilitoka ghafla na kumkalisha chini kwa makalio. Benie akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha kifuniko cha mpira. Kisha kibanio cha waya kinachoikaza balbu mahali pake, ambacho kilipoguswa tu kiliruka na kupotelea mchangani. Walikitafuta wakiwa wamepiga magoti wote wawili, na wangekikosa kabisa kama wasingemwona kuku wa jirani akikidonoa na kukitema.

"Hata kuku anajua kama haiko chakula," Benie akasema.

"Nyamaza, nisaidie."

Balbu ya zamani, nyeusi ndani, ikatoka. Karima alichana ukurasa kutoka daftari lake, akaichukua balbu mpya kwa karatasi, kwa uangalifu, kama Papa alivyosema. Balbu ilikuwa na meno matatu pembeni, na meno hayo yanaingia kwa namna moja tu. Akajaribu hivi, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Jasho likamwingia machoni. Alipoigeuza mara ya tatu, karatasi ikateleza, balbu ikachomoka, ikaanza kuanguka. Karima hakufikiri. Alinyoosha mkono akaidaka hewani, kiganja kitupu, vidole vyote.

Wote wawili wakashusha pumzi. Haikuvunjika. Lakini juu ya kioo palikuwa na alama ya kidole, nyekundu, iliyo wazi kabisa, pamoja na mistari yake yote.

Karima aliifuta kwa pindo la gauni. Akaifuta tena. Alama ikafifia, ikapotea, au angalau jicho halikuiona tena. Safari hii meno yakaingia yenyewe, kibanio kikakaza, na baada ya mapigano mengine na kifuniko cha mpira, taa ikarudi mahali pake. Pikipiki ile taa yake iliwaka kwa betri hata injini ikiwa imezimwa. Karima akageuza ufunguo.

Mwanga ukapiga ukuta wa jikoni, mweupe. Karima aliruka juu. Kwake huo haukuwa mwanga wa pikipiki. Alimwona Mama amesimama palepale ukutani, mikono wazi.

"Papa alikataza kugusa kioo," akasema baada ya muda, sauti imeshuka.

Benie akatikisa bega. "Lakini iko nawaka. Nani atajua? Ukisema, mutakosa safari. Miye ningenyamaza."

Papa Yusufu alirudi jua likitua, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Karima akageuza ufunguo kumwonyesha, na alipoona taa inawaka alisimama, akazunguka pikipiki, akagusa skrubu moja moja.

"Weye ndiye umefanya hii?"

"Ndiyo, Papa."

"Peke yako? Ah! Miye nafikiri niko na mutoto wa shule, kumbe niko na fundi mécanicien ndani ya nyumba!" Akacheka, kisha akauliza bila kumtazama, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Na kioo, hukuigusa?"

Kulikuwa na nafasi ndogo hapo, ya kuvuta pumzi moja. Karima aliitumia vibaya.

"Hapana, Papa."

Wakaswali magharibi, kisha Karima akateleka sufuria ya wali. Alipaswa kuwa na furaha. Nguo zake za safari zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Lakini kila alipochochea moto, aliona kidole kile chekundu juu ya kioo. Kisha simu ikalia, na Mama Nuru alikuwa Bengamisa, karibu kuliko alivyokuwa kwa miezi mitano.

"Papa yako ananiambia uliweka taa weye mwenyewe," Mama akasema, na tabasamu lake lilisikika. "Unajua, Karima, ile njia inaniogopesha. Mvua ya jana imeharibu sana. Leo muchana kutwa nilikuwa nawaza, wataona wapi mashimo? Lakini kama taa iko muzuri, bon. Leo nitalala."

Simu ilipokatika Karima alibaki ameishika. Mama atalala kwa sababu ya neno langu, aliwaza. Na neno lenyewe ni la uongo. Aliwaza pia juu ya saa moja na nusu yake, dakika kwa dakika, na jinsi zitakavyotoka mikononi mwake akifungua kinywa. Alitamani sana awe mtoto mwingine, ambaye balbu haikumponyoka. Mwishowe alitoka nje, akamkuta Papa anafunga kikapu cha mihogo na samaki wa kuokwa, zawadi ya Mama.

"Papa, niligusa kioo."

Papa akaacha kamba.

"Ilianguka nikaidaka. Mukono yangu ilikuwa na mawese, ju ya skrubu. Nikafuta. Nikakudanganya ju niliogopa tutakosa Mama."

Papa Yusufu hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alichukua bisibisi, akaifungua taa, akaitazama balbu kwa tochi ya simu. Pale ambapo Karima aliona kioo safi, joto la taa lilikuwa limeshaanza kuonyesha doa jeupe lenye ukungu. Akaipangusa, doa lisitoke. Akairudisha, akawasha injini, akawasha taa.

"Tungoje," akasema.

Wakangoja, wawili wamesimama katika giza jepesi la jioni. Karima aliomba doa lile lidanganye kama alivyodanganya yeye. Sufuria jikoni ilikuwa imeanza kuchemka tu, ndipo ikasikika *pa!* ndogo, na ukuta ukawa mweusi.

Papa alimpigia Arsène. Hakuna nyingine, Arsène akasema. Aina nyingine haziingii, na yake aliyokuwa nayo dukani ndiyo ile. Na saa ile maduka mengine yalikuwa yameshafungwa. Labda Jumatatu.

"Twende na tochi ya telefone, Papa. Nitaishika muzuri. Nakuomba." Sasa Karima alikuwa analia wazi. "Nakuomba!"

"Hapana. Tutaondoka kukianza kupambazuka, wakati njia inaonekana. Tukimukuta, tumemukuta."

"Na tukikosa?"

Papa akakaa juu ya kigogo, akamvuta karibu. "Ampoule inaweza kuanguka yenyewe. Sikukasirikii ju ya ile. Lakini uongo hauangukake wenyewe kutoka mukononi ya mutu. Mutu anautoa ndani, anauweka mbele ya mwenzake, anasema: tembea hapa juu, iko nguvu. Miye ningetembea, Karima. Nilikuamini."

Usiku ule, lazima tuseme kweli, Karima alijuta kusema. Alijigeuza kitandani akifikiri kwamba balbu ingeweza kungoja, kwamba labda ingepasukia Bengamisa. Alimkasirikia kuku, skrubu, mawese na yeye mwenyewe.

Waliondoka wakati majani yalipoanza kuwa na rangi. Walivuka daraja la mto Tshopo, wakaacha nyumba za mwisho nyuma, wakaingia katika njia nyekundu yenye msitu pande zote. Karima alimshika Papa kiunoni akitazama mbele, akiisukuma pikipiki kwa macho. Papa hakukimbia. Kila dimbwi alilipita taratibu, na kila mara moyo wa Karima ulipiga kelele: upesi, upesi!

Walipokuwa wameshapita nusu ya njia, Papa alifunga breki ghafla. Mbele yao mvua ya Ijumaa ilikuwa imekula nusu ya barabara. Palikuwa na shimo refu kuliko mtu mzima, maji yakipita chini, na hakuna hata tawi lililowekwa kuonya wapitaji. Papa alizima injini, akashuka, akasimama ukingoni. Karima akasimama kando yake. Udongo ulimeguka kidogo chini ya ncha ya kiatu chake, ukaanguka, na ilichukua muda kabla ya kusikia maji.

"Ampoule ingekuwa imekufa saa moja mbele ya kufika hapa, na tungekuwa natembea gizani," Papa akasema. Wakaisukuma pikipiki kwa miguu kupitia upande uliobaki.

Walipoingia Bengamisa ilikuwa saa moja na robo. Motokari nyeupe ya chanjo ilikuwa imesimama kando ya soko dogo, injini inanguruma, masanduku ya baridi yameshafungwa juu. Dereva alikuwa anakunywa chai. Na mwanamke mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia kabisa, mkono juu ya macho, akitazama upande wa Kisangani.

Karima hakungoja pikipiki isimame vizuri. Alikimbia. Mama Nuru alimpokea kifuani kwa nguvu hivi kwamba wote wawili walirudi hatua nyuma, na hapo palikuwa na harufu yenyewe, ya sabuni na dawa na Mama. Walibaki wameshikana kwa muda ambao ulikuwa ghali sana.

Kisha Mama akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa motokari, akamkalisha Karima chini katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka nywele bila kuulizwa, vidole vikipita upesi. Karima alisimulia yote akiwa ameinamisha kichwa: balbu, mawese, gauni, uongo, shimo. Hakumwachia Papa asimulie. Vidole vya Mama vilisimama mara moja tu, kwenye shimo, kisha vikaendelea.

"Kama ningesema kweli mara ya kwanza, Papa angekuwa na wakati wa kutafuta ampoule ingine, maduka ikiwa bado wazi," Karima akasema. "Tungekuwa na saa moja na nusu. Sasa tuko na robo."

"Sikia, mutoto yangu," Mama akasema. "Uongo wako ndio umekula wakati yetu, ile iko kweli, na iume kidogo ili ukumbuke. Lakini ukweli wako, hata kama umechelewa, umeniletea batu yangu wawili wazima. Ningekaa hapa na saa yangu yote mukononi, namungojea mutu aliye ndani ya shimo, ile saa ingenisaidia nini? Miye nazalisha batoto kila siku. Najua dakika moja iko na uzito gani. Mutu akikuamini, anaweka maisha yake juu ya neno yako. Basi usimupe neno yenye kuoza, hata kama unamupenda sana. Zaidi kama unamupenda."

Dereva akapiga honi. Mama hakuinuka. Honi ya pili, akafunga ncha ya msuko, akambusu Karima palepale utosini, akapokea kikapu kutoka kwa Papa, akamshika Papa mkono kwa muda, na mlango ukafungwa. Gari likatoka, likawa dogo, likapinda, halikuwapo.

Karima alilia bila kujificha, na Papa akamwacha alie. Watu wa soko walipita wakiwaangalia. Baada ya muda Papa akachuchumaa mbele yake.

"Unajuta kuniambia?"

Karima alifikiri juu ya shimo. Alifikiri pia juu ya saa moja na robo ambayo haitarudi, na mwezi wa kumi na mbili, ulio mbali. Akapangusa pua.

"Kidogo," akajibu.

Papa Yusufu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana jioni, akamwinua kwa mikono yote miwili.

"Bon," akasema. "Sasa nakuamini tena."